Kisu na Betri

Ilikuwa mwaka 2021, msimu wa masika. Baada ya miaka miwili ya kutazamwa na watu wachache, hatimaye Zamda, aliyefundisha ufundi wa simu mtandaoni, alipata video iliyopendwa: namna ya kubandua betri ya simu iliyovimba kwa ncha ya kisu. Watazamaji walikuwa wakiongezeka alipogongewa mlango.

"Hodi! Kwa mwalimu wa simu ni hapa?"

Alikuwa mama mmoja, mkono wa kulia umefungwa bendeji, wa kushoto umeshika simu iliyoungua.

"Shikamoo, mama," Zamda alisema.

"Marahaba. Nimekutazama tangu ulipokuwa hutazamwi. Ukasema kisu, nikashika kisu. Ikalipuka."

Zamda alianza kutetemeka.

"Mbona unatetemeka wewe, na niliyeungua ni mimi?"

Simu ya kurekodia ililia juu ya stendi. Mtazamaji mwingine aliuliza kwa ujumbe: "Dada, kisu cha jikoni kinafaa?"

Zamda akaandika upesi, "Usiguse!" Yule hakujibu. Zamda akaifuta video ile, kisha akamkabidhi mama simu hiyo ya kurekodia.

"Sina nyingine, mama. Ni haki yako."

Mama akaiweka chini ile iliyoungua, akaipokea kwa mkono wake mzima. Wakasimama wote wawili wakiitazama, wakingoja jibu la yule mtazamaji, nayo haikulia.