Mbeleko ya Bi Saumu

Zamani watoto walibebwa mgongoni. Siku hizi sheria inataka kila mtoto akae kwenye kigari hadi aanze kutembea, na kigari kichaguliwe mimba ikiwa ya miezi saba, kipate kuzoea mwendo na sauti za nyumbani.

Mwanahawa, mimba yake ikiwa ya miezi saba, alikwenda duka la vigari, pale barabara ya kumi na mbili, Tanga, pamoja na mama yake, Bi Saumu, aliyekuwa amekunja uso tangu mlangoni.

"Usikate mbeleko na mwana hajazaliwa," Bi Saumu alinung'unika.

"Mbeleko ndiyo nini, bibi?" muuzaji aliuliza kwa adabu.

Bi Saumu alivua kanga ya juu, akainama, akaizungusha mgongoni pasipo na mtoto, akafunga fundo kifuani. Kisha akaanza kuyumba akiimba kwa sauti ya chini, akikatizwa na kikohozi chake.

Mwanahawa akafumba macho. Alikuwa tena na miaka miwili, shavu limelala mgongoni kwa mama penye harufu ya mafuta ya nazi, wimbo ukimwingia mifupani kabla ya masikioni.

Alipofumbua macho, kigari cha kijani kilikuwa kikiyumba vilevile. Kiliimba kwa sauti ya Bi Saumu, pamoja na kikohozi chake.

"Kimeshajifunza," muuzaji alisema. "Hakitasahau tena."

Bi Saumu alinyamaza, kigari kikaendelea kuimba. Akalifungua fundo taratibu, akaweka kiganja juu ya tumbo la mwanawe.

"Basi mbeleko tumeshaikata," alisema.