Fuko Ashtakiwa kwa Kusema Kweli

Chemchemi ya bondeni ilikuwa ya kunywa tu. Fuko alipomsikia mlinzi wa chemchemi hiyo, Ngiri, akiogelea humo, aliwatangazia wanyama wote. Ngiri akamshtaki kwa uzushi, ili afukuzwe bondeni. Fuko alikuwa karibu kuomba radhi, ndipo Nyegere akajitolea kumtetea bure.

“Bwana Ngiri,” Nyegere aliuliza mbele ya Hakimu Nyati, “Fuko haoni. Alikuonaje?”

Fuko akadhani wakili wake amemuuza.

Ngiri akacheka. “Si ndiyo nasema mimi? Huwa naoga mle mchana, huyu kipofu akiwa amelala shimoni.”

Baraza zima likamkodolea macho. Ngiri akamsogelea Fuko, akanong'ona, “Ndugu yangu, tukayamalize nyumbani.”

“Tunayamaliza hapa hapa,” alisema Fuko, “na wewe ongea kwa sauti.”