Nzuri Tu

Tangu matokeo ya utafiti unaofanywa na wageni yawe siri ya taifa, mtafiti akiulizwa habari za kazi hujibu "nzuri" tu, na bangili aliyofungwa mkononi humsikiliza.

Tusajigwe, mpima sumu kwenye mahindi katika mradi wa wageni, alirudi akamkuta mumewe akikoroga uji wa mahindi wa mtoto.

"Habari za kazi?"

"Nzuri."

Bangili ikawaka kijani. Tusajigwe akaipua sufuria, akamwaga uji wote nje. Mumewe akachukua ungo akaanza kuchambua mchele.

Mama Lusajo, jirani anayesaga mahindi yake kwenye mashine ileile wanayosagia wao, akachungulia juu ya ukuta na mwiko wa uji mkononi.

"Za kazi, jirani?"

"Nzuri tu."

"Tumshukuru Mungu," akasema mama Lusajo, akarudi kukoroga.