Mke wa Shujaa

Msonyo wa kwanza ulisikika mwenyekiti akiwa bado anapuliza kipaza sauti kuona kama kinafanya kazi.

Ulikuwa msonyo mrefu, wa kuvutwa, na ulitoka mstari wa mbele, kwenye viti vya wageni rasmi. Watu wakageuka. Binti akamfinya mama yake pajani, chini ya mkoba, huku akitabasamu ili wapiga picha wasigundue kitu.

Mama hakujali. Alikuwa anajikagua kucha.

Ilikuwa siku ya kufungua maonyesho ya msimu ya Chama cha Historia. Msimu uliopita chama kilionyesha pasi za mkaa. Kabla ya hapo, cherehani. Hakuja mtu, ukiwatoa wenye pasi na wenye cherehani. Kilichokuwa kikivuta watu misimu ya nyuma ni gereza la zamani, lililokuwa limefungwa miaka mingi, kwa hiyo chama kikalirudia gereza. Kikazipaka kuta chokaa hadi zikang'aa kama zahanati mpya, kikatundika mapazia koridoni, kikamleta tena baba.

Baba ndiye aliyekuwa mtaji wao. Walimpata walipokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kugawia wazee sabuni na mablanketi, huku wakiwapiga picha wakiwa wameyakumbatia. Waliuliza kama humo ndani yumo mtu aliyewahi kufungwa katika gereza lile. Mama alikuwa jikoni. Baba ndiye aliyefungua mlango, akasema yumo, akawakaribisha ndani.

Tangu hapo wakamwita Shujaa. Walimlipia operesheni ya macho, wakamweka kwenye kalenda. Sasa walitaka kumwezekea nyumba upya na kukipa chumba cha tatu cha gereza jina lake. Waliomba jambo moja tu: mkewe naye aseme machache, watu waione familia.

"Nitasema," mama alikuwa amewajibu, kwa sauti aliyozoea kumjibia muuza nyanya anayepunja.

Binti alimwonea aibu. Tangu akiwa mdogo alimsikia mama akimsemesha baba kama mtu anayefukuza mbwa wa jirani. Alimwekea chakula mezani, akampa mgongo. Baba alikula, akashukuru, akatoka. Binti aliamini kwamba mtu huyu ameteswa mara mbili, ujanani gerezani na uzeeni nyumbani kwake. Siku moja alimwambia hivyo waziwazi. Baba akatazama chini, akamwambia amwache mama yake alivyo.

Mwenyekiti, mstaafu wa benki aliyelipenda neno "urithi" kuliko wanawe, alihutubia mpaka watoto wakalala. Kisha umati ukaongozwa koridoni, hadi chumba cha tatu.

Baba akasimama pale anaposimama kila msimu wa gereza, nje ya mlango, akiegemea fimbo. Akasimulia. Alieleza jinsi milango ilivyofungwa mmoja baada ya mwingine jioni ikiingia, jinsi mvua ilivyojaza maji sakafuni, jinsi kilio kilivyosikika koridoni hata mtu akiziba masikio. Alisimulia vizuri, bila kuongeza chumvi. Wanawake walifuta machozi. Mwandishi mmoja wa gazeti aliacha kuandika, akabaki ameshika tama.

Mama akasonya tena.

"Mzee wetu, ingia ndani basi tupate picha," mwenyekiti akasema.

Baba akatikisa kichwa, kama alivyofanya mara zote. Alisema hawezi. Watu wakaguna kwa heshima, na mwenyekiti akawanong'oneza waandishi kwamba kidonda cha namna hiyo hakiponi. Yeye mwenyewe akatangulia ndani kuonyesha njia, akajigonga paji la uso, maana mlango ulikuwa mfupi na ulimgonga kila mara. Akatoka akijipapasa, akamgeukia mama.

"Basi mama atuwakilishe. Mama Shujaa, karibu."

Mama akampa binti mkoba. Aliinamisha kichwa mahali hasa pa kuinamisha, bila kutazama juu, akaingia. Hakusimama katikati kama wanavyofanya wageni. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya ndani kabisa, akaketi sakafuni na gauni lake la shughuli, akakunja magoti.

Kamera zikaanza. Mtu mmoja akacheka. Mwenyekiti akasema kwa furaha kwamba sasa hiyo ndiyo historia hai, wapige, wapige.

Uso wa binti ulikuwa unawaka. Akaingia, akachuchumaa mbele ya mama yake, akamnong'oneza kwa hasira.

"Inuka, mama. Unamdhalilisha baba mbele za watu. Aliyoteseka humu hayatoshi?"

Mama akamtazama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo dharau ilikuwa imemtoka usoni. Akamshika mkono, akamvuta taratibu mpaka binti naye akaketi sakafuni.

"Mke wangu," baba akaita kutoka mlangoni. "Tafadhali."

Mama hakugeuka kumtazama.

"Baba yako hajalala humu hata siku moja," alimwambia binti. "Alikuwa askari wa zamu ya usiku. Niliingia humu peke yangu, mwanangu, nikatoka na mimba yako."