Jozi ya Mlangoni

"Sasa Mama Siprosa, mwaka huu utacheza na nani?" jirani yake Eufrasia alimwuliza siku moja bombani. Siprosa akajitwika ndoo yake, akaondoka.

Tamasha la muziki wa Kiayalandi lilipofika, alivaa sketi ya kijani, akaenda ukumbi wa parokia. Masista wa Kiayalandi waliondoka zamani, lakini mji haukuacha ngoma zao. Ya kwanza huchezwa na jozi nne za mume na mke. Miaka yote, jozi ya mlangoni, ile inayosimama upande wa mlango, ilikuwa yeye na marehemu mumewe, Kalisti.

Akasimama mahali pake, peke yake. Fidla ikanyamaza. Damiani, msimamizi wa ngoma, akaja na kiti chenye mto.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama. Kaa hapa mbele upumzike. Nafasi yako tumewapa maharusi."

"Milele amina. Sijachoka, mwanangu."

"Lakini jozi ni watu wawili, mama."

"Nitamwachia nafasi yake. Nazijua hatua zake zote."

"Leo atacheza na upepo!" mtu akasema, na benchi zima likacheka.

Siprosa akakaa. Ngoma ikaanza. Wanaume walipopokezana wake zao, bwana harusi akageukia upande usio wake, akamgonga mkewe. Ukumbi ukacheka kwa furaha, naye mkewe akamshika shavu.

Siprosa akainuka, akaukung'uta mto, akakipanga kiti ukutani pamoja na vingine. Fidla ilipoanza upya, akatoka.