Siku Mgombea Alipotuona Wawili

Msimu wa kampeni hapa Ohio, kila jioni mgombea urais hutokea ukutani katika kila nyumba, akiwa na rangi ya mwenye nyumba. Kwangu huja mweusi kama marehemu mume wangu, Baba Tuzo, ananiambia kwa Kiswahili laini kwamba Mungu hawasahau wajane. Nami huitikia amina.

Jana nilimpelekea maandazi jirani yangu Darlene, mama wa Kizungu, na saa ya mgombea ikanikuta kwake. Akatokea mweupe, akatuona wawili, akakatiza hotuba yake. Uso wake ukawa unageuka polepole, mweupe, mweusi, kama kivuli cha wingu kikipita shambani.

“Kwako husema nini?” nikauliza.

“Mambo ya kawaida tu, Mama Tuzo.”

“Yapi?”

Darlene akayatazama maandazi. “Ya watu waliohamia.”

Mgombea akaomba kwa upole, kwa lugha zetu zote mbili, mmoja wetu atoke ili aendelee.

Nikangoja Darlene amzime. Miaka tisa tumeuguzana, na Baba Tuzo nilimzika Darlene akiwa amenishika mkono.

Akaleta koti langu, akanishikia vizuri nipitishe mikono.

“Dakika kumi tu, dada,” akasema. “Kisha urudi tunywe chai.”