Siku za Bonge

Pakiti nne za pedi, hakuna hata moja iliyofunguliwa. Fundi alizihesabu tena juu ya kitanda cha binti yake, kwa mikono ile ile inayotunga uzi kwenye sindano bila kuangalia. Kila mwezi alimnunulia moja. Miezi minne basi.

Mlangoni alikuwa amesimama wifi yake, mwanamke asiyepitwa na habari ya mtaa.

"Mimi sitaki kusema," alisema wifi, kisha akasema. "Bonge wako anatapika. Nimemsikia bafuni, kafungulia bomba eti tusisikie."

Bonge ndiye binti. Nyumba nzima ilimwita hivyo tangu utotoni, kwa mashavu yake.

"Tumbo tu hilo, wifi."

"Tumbo ndiyo. Na hilo sweta, jua lote hili? Umempima lini mara ya mwisho?"

Fundi alizikusanya pakiti. Alipima viuno vya mtaa mzima, lakini wiki iliyopita binti alipoiona futi ya kupimia tu, alirudi nyuma mpaka ukutani. "Wewe shona pana, mama," alisema. Fundi akashona pana. Miaka kumi na sita, kidato cha tatu. Baba yake akijua, nyumba haitakalika.

Asubuhi yake walikaa kwenye benchi la zahanati. Bonge alijikunyata ndani ya sweta, midomo imemkauka.

"Ni nani?" Fundi alinong'ona. "Niambie mimi kabla ya baba yako."

"Nani nini, mama?"

Muuguzi akamwita binti peke yake, akafunga mlango. Fundi alibaki akiwapitia kichwani vijana wote wanaokuja dukani kufuata suruali zao, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alikuwa na sura ya mkosaji. Alipoitwa, aliingia.

Nyuma ya pazia binti alikuwa analia, sauti haitoki. Muuguzi aliweka kalamu chini.

"Mama, siku zake zimesimama kwa sababu ya uzito."

Neno aliloliogopa lilikwisha kutamkwa. Fundi alijikuta amekaa sakafuni.

"Nani kampa?"

"Hakuna aliyempa, mama," alisema muuguzi, akivuta pazia pembeni. "Kaupunguza mwenyewe. Zimebaki kilo thelathini na mbili."